Muulize Fundi: Fremu ya begi, mabawa, na yule anayetaka kukata kabla hajavaa

Safari hii sijui mmeambiana au vipi, maana barua tano zinaulizia kitu kilekile, zile fremu za chuma za mabegi makubwa ya mgongoni, mnataka kuzigeuza ziwe mgongo wa maleba ya kujitengenezea nyumbani. Nimefurahi kwa kweli, kwa sababu hilo dude hata mimi nimelitengeneza zaidi ya mara moja na karibu kila kinachoweza kukosewa nimeshakikosea, kwa hiyo leo nitajibu kama mtu aliyechubuka mgongo na sio kama mwalimu. Tuanze na barua ndefu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina fremu ya zamani ya begi la kupandia milima, begi lenyewe lilishachanika nikalitoa, imebaki fremu tupu na mikanda yake. Nataka nitengeneze mabawa makubwa ya ndege, kila bawa kama mita moja na robo hivi, niyafunge kwenye hiyo fremu niwe navaa kama begi. Shida, chini ina kile kirafu kinachotokeza nyuma cha kuwekea mzigo, nikikaa kinanisukuma na pia kinaharibu shepu ya vazi. Kaka yangu anasema tukikate na grainda halafu tukachomelee paipu mbili za chuma za kubeba mabawa. Mi naogopa isije ikaachia nikiwa katikati ya watu. Tufanyeje? – Mwenye Mabawa

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kabisa mfichie kaka yako hiyo grainda, umpe tena wiki ijayo.

Sio kwamba kukata ni kosa, ila mmeruka hatua. Chukua hiyo fremu ilivyo, funga juu yake kitu chochote chenye uzito unaokaribia wa mabawa yako, hata vijiti viwili virefu na chupa za maji zimening'inia, vaa, tembea nayo ndani ya nyumba nusu saa nzima, inama, kaa, pita mlangoni, geuka ghafla kama mtu amekuita. Hapo ndo utajua kirafu kinakusumbua kweli au ni mikanda tu umeivaa vibaya, na ninavyoijua hii michezo nusu ya vitu ulivyopanga kukata utaviacha.

Sasa nikueleze kitu ambacho ndo kiini cha barua zote za leo. Fremu ile ilitengenezwa kwa ajili ya mzigo unaovuta kwenda CHINI huku umeukumbatia mgongo. Alumini yake ni imara, inabeba kilo 20 na zaidi bila kulalamika, kwa hiyo unaposema mabawa yangu yana kilo 3 tu unaona ni mchezo. Lakini mabawa hayavuti chini peke yake, yanavuta NYUMA, na huo ni mzigo wa aina nyingine. Shika ndoo ya maji karibu na mwili, halafu ishike ndoo hiyohiyo mkono umenyooka mbele, maji hayajaongezeka lakini bega linajua tofauti.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme mabawa ni kilo 3 na kitovu cha uzito wake kiko sentimita 40 nyuma ya mgongo wako, na kutoka mikanda ya mabegani inaposhikia mpaka mkanda wa kiuno ni kama sentimita 45. Zidisha 3 kwa 40, gawanya kwa 45, unapata kama kilo 2.7, na hiyo ndo nguvu inayokuvuta mabega kwenda nyuma muda wote uliosimama, juu ya ule uzito wa kawaida wa kwenda chini. Yasogeze mabawa yaleyale yakae sentimita 10 tu kutoka mgongoni, ile nguvu inashuka mpaka chini ya kilo moja. Hujapunguza hata unyoya mmoja! Kwa hiyo kabla hujafikiria kuimarisha chuma, fikiria kusogeza mabawa yalale karibu na mgongo, yapanuke kwenda pembeni na sio kutokeza nyuma.

Haya, tuje kwenye kuchomelea. Hiyo fremu yako ni chuma gani? Tuseme ukweli, watu wengi tunaita chuma kila kinachong'aa. Chukua sumaku uiguse, ikinata ni chuma cha kawaida, isiponata na fremu ni nyepesi kwa saizi yake basi karibu hakika ni alumini, maana uzito wa alumini ni kama theluthi moja ya chuma kwa ujazo uleule. Fremu nyingi za mabegi ya kupandia milima ni za alumini, mtindo ulioshika sana tangu Dick Kelty wa California alipoanza kuziuza mwaka 1952, na jambo la maana analosifiwa nalo zaidi ni ule mkanda wa kiuno, nitaurudia.

Kama ni alumini, wazo la kaka yako la kuchomelea paipu za chuma juu yake limekufa hapohapo. Chuma na alumini havichomelewi pamoja kwa mashine ya kawaida, hata vikionekana vimeshikana pale kwenye kiungo panakuwa pakavu kama biskuti, mtikiso wa kwanza tu panaachia. Na hata alumini kwa alumini inataka fundi aliyeizoea hasa, kwa sababu inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haiwi nyekundu kwanza kukuonya kama chuma, unaiona imetulia tu mara paap imeanguka chini kama uji, wakati ile ngozi nyembamba ya juu yake inataka zaidi ya nyuzi 2,000 ndo iyeyuke. Halafu kuna jambo ambalo watu hawaambiwi, aina nyingi za alumini za kutengenezea paipu ngumu zimepewa ugumu wake kiwandani kwa moto maalumu, ukichomelea sehemu ya jirani na kiungo inalainika, kwa hiyo kiungo kinaweza kuwa kizuri kabisa na paipu ikapinda pembeni yake. Achana na moto. Kila kitu unachotaka kinafanyika kwa kubana.

Namna ninayofanya mimi ni hii. Nakata kipande cha plaiwudi nene, milimita 12 inatosha, kinachoenea kati ya zile paipu mbili za wima za fremu pale usawa wa mabega kushuka chini kidogo. Kipande hicho nakibana kwenye paipu kwa zile bolti za umbo la U, nne, mbili kila upande, na katikati ya bolti na paipu naweka kiraka cha mpira wa tairi la baiskeli. Ule mpira una kazi mbili, unazuia isiteleze na unatenganisha bolti ya chuma na alumini, maana vikikutana na jasho alumini inaanza kuliwa taratibu, inatoa ule unga mweupe. Mabawa yote yanafungwa kwenye plaiwudi sasa, na fremu yako haina hata tundu moja. Siku ukichoka na mabawa unafungua nati nane, mbili kwa kila bolti, begi linarudi kuwa begi.

Kama lazima utoboe, basi toboa ubavuni mwa paipu, kwa maana ya pale katikati ambapo paipu ikipinda hapavutwi wala hapabanwi sana, usitoboe upande wa nyuma au wa mbele, na usitoboe kabisa kwenye kona. Tundu langu halizidi robo ya upana wa paipu, ya milimita 25 inapata tundu la 6, basi. Gonga alama na msumari kwanza drili isiteleze, na ukishatoboa ingiza tupa ya mviringo usafishe kingo, ufa wowote unaanzia kwenye kijino kilichoachwa na drili. Bolti ikipita kwenye paipu tupu usiikaze mpaka paipu ibonyee, kama ncha iko wazi sukuma ndani kipande cha mti mgumu kilichochongwa kiingie kwa kubana, ndo utoboe vyote kwa pamoja.

Kirafu cha chini, kiangalie vizuri. Vingi vimeshikwa na pini au bolti mbili, vinatoka bila kukatwa, na vingine vinakunjwa tu kwenda juu. Kama chako kimechomelewa moja kwa moja na kinaungana na ile paipu ya kulala inayoshika miguu miwili ya fremu, kata kile kinachotokeza nyuma tu, ile ya kulala iache. Hapo ndo pa kumrudishia kaka grainda, japo kwa alumini msumeno wa chuma wa mkono ni bora zaidi maana alumini inaziba jiwe la grainda, likishaziba linapata moto na linaweza kupasuka. Miwani ya kukinga macho, tafadhali.

Mikono ya kubebea mabawa: usinunue nondo. Fimbo nzima ya chuma ya milimita 10 na paipu ya chuma ya milimita 20 yenye ukuta wa milimita 1.5 zina uzito unaokaribiana sana, lakini ile paipu ni ngumu kupinda zaidi ya mara 7. Ndo maana mifupa ya ndege iko wazi ndani, aliyeiumba alijua. Kwa mabawa yako paipu ya alumini ya saizi hiyo ni zaidi ya kutosha, na mwishoni huko weka kitu chepesi kabisa, fimbo ya faiba ya hema lililokufa au hata mwanzi, maana gramu moja ya kwenye ncha inakusumbua kuliko gramu kumi za karibu na mgongo.

Upepo sasa. Ukienda kuvaa nje jua kwamba kitambaa cha mita moja ya mraba kikikutana uso kwa uso na upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, kinasukumwa na nguvu kama ya kilo 6 au 7. Upepo wa nusu ya hapo unasukuma robo tu, kilo moja na nusu hivi, kwa sababu nguvu inapanda kwa mraba wa kasi. Mabawa mawili, mita moja na robo kila moja... jumlisha mwenyewe uone kwa nini watu wanayumba. Weka bawaba na pini ya kuchomoa kwa mkono pale mabawa yanapoungana na plaiwudi, upepo ukija unachomoa yanakunjika nyuma. Pini hiyohiyo itakusaidia mlangoni, maana mlango wa kawaida una sentimita 80 mpaka 90 na wewe una mita mbili na nusu. Mimi nilishawahi kukwama mlangoni kwenye sherehe, nimeingia nusu, nyuma watu kumi wanasubiri wengine wameshika sahani, na hakuna aliyejua anisukume au anivute.

Mwisho kwako wewe, mkanda wa kiuno. Usiutoe! Najua hauendani na vazi, ufunike. Ukae juu ya mifupa ya nyonga, sio tumboni, ukaze huo kwanza ndo ukaze ya mabegani. Na ongeza kamkanda ka kifuani kanakounganisha mikanda miwili ya mabegani, maana mabawa yakivuta nyuma mikanda inateleza kwenda nje na bila hako utakuwa unajishika mabega usiku kucha.

SWALI: Fundi mambo. Mimi nimechelewa kukuuliza, nimeshakata. Nilikuwa natengeneza roboti, paipu mbili za kulala zilikuwa zinagusa boksi la ndani nikazitoa zote, imebaki ya juu tu, na ule utepe wa wavu wa mgongoni nikautoa pia. Sasa fremu inachezacheza kama ngazi iliyong'oka vidato. Nitupe?

JIBU: Poa kabisa, usitupe. Umebaki na pembe nne zisizo na kitu cha kuzizuia, na umbo la pembe nne ukilisukuma kona moja linalala, ni la pembetatu tu ndo haliendi kokote. Kwa hiyo unahitaji kitu cha kukata kona kwa kona. Njia rahisi kwa roboti, kwa kuwa mgongo wake ni bapa hata hivyo, ni ubao wa plaiwudi wa milimita 4 au 6 ufunike fremu nzima, ubanwe kila baada ya sentimita 15 hivi. Huo ubao mmoja unafanya kazi ya paipu zote ulizokata na zaidi. Kama hutaki ubao, paipu moja ya mshazari kutoka kona ya juu kushoto mpaka chini kulia, iliyobanwa kisawasawa ncha zote mbili.

Wavu wa mgongoni rudisha hata wa kushona mwenyewe kwa turubai na kamba ya viatu nyuma. Kazi yake ni kuiweka fremu mbali na uti wa mgongo, bila wavu chuma kinakaa juu ya mfupa, na mfupa hauzoei. Ncha ulizokata zipige tupa na msasa mpaka upitishe kidole bila kuogopa, halafu uvike vifuniko vya plastiki vya miguu ya viti.

SWALI: Habari za kazi. Mwanangu ana miaka 9, amening'ang'ania anataka kuwa kobe. Nimeona fremu ya begi la baba yake ipo tu haitumiki, naweza kuikata chini iwe fupi nikafunga gamba juu yake? – Mama Kobe

JIBU: Nzuri mama, na hongera kwa mtoto mwenye msimamo. Jibu langu ni hapana, na sio kwa sababu ya kukata. Fremu ya mtu mzima hata ukiifupisha mikanda yake imeachana sana kwa mabega ya mtoto, itamwangukia pembeni, na kilo moja na nusu au mbili zinaishia kwenye chuma kabla hujaweka gamba. Kipimo kinachotumika sana kwa mabegi ya shule ni asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa mtoto, mtoto wa kilo 28 hiyo ni kilo 2.8 mpaka 4.2, na hapo ni begi lililolala mgongoni vizuri. Kwa gamba linalotokeza nyuma mimi ningelenga kilo moja na nusu kwa jumla, isizidi.

Chukua begi lake la shule la zamani, tia ndani kadibodi ngumu mbili zilizogundishwa mistari ikipishana, shona gamba la sponji ngumu, ile kama ya kandambili, juu ya begi. Umemaliza. Na kuna jambo la kuchekesha ila ni la kweli, kobe akianguka chali anahangaika sana kunyanyuka. Mtoto aliyefungwa gamba la duara naye hivyohivyo, kwa hiyo hakikisha kifungo cha mbele ni cha kubofya na anaweza kukifungua mwenyewe kwa mkono mmoja, mfanyishe mazoezi juu ya godoro, atafurahia kuliko sherehe yenyewe.

SWALI: Fundi nimefunga taa za LED za volti 12 kwenye fremu ya vazi langu, betri ya lithiamu, nikijitikisa kuna mahali panatoa cheche na waya mmoja umepata moto. Ni betri mbovu?

JIBU: Chomoa betri kwanza, ukishachomoa endelea kusoma.

Huenda betri ni nzima, naona ni fremu ndo imegeuka kuwa waya. Alumini inapitisha umeme vizuri sana, kwa hiyo waya chanya ukichunika sehemu moja na waya hasi ukagusa fremu sehemu nyingine umeme unapita njia ya mkato bila kupitia taa, na betri za lithiamu zinaweza kutoa mkondo mkubwa wa kuunguza waya na kuwasha kitambaa kilichokushika mgongoni. Tafuta pale waya unapopita kwenye kona ya chuma au chini ya bolti, naamini ndipo palipochunika. Badilisha waya mzima huo, usizungushie utepe juu ya ulioungua. Waya zote zipite ndani ya mpira mwembamba wa maji, zifungwe kwenye fremu kwa zile tai za plastiki zenye meno, na ziache ulegevu kidogo pale vazi linapojikunja. Kisha weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri na sio mwishoni kwenye taa, maana fyuzi inalinda ile sehemu ya waya iliyo mbele yake tu. Soma kwenye taa zinakula wati ngapi, gawanya kwa 12 upate ampia, fyuzi iwe juu kidogo ya hapo. Taa za wati 24 ni ampia 2, fyuzi ya 3 inatosha.

Betri iweke chini karibu na nyonga, ndani ya mfuko unaofunguka haraka. Ndo kitu kizito kuliko vyote kwenye vazi na kikikaa juu kinakuyumbisha bure.

SWALI: Nimepuliza rangi fremu yangu mara mbili na mara zote inabanduka kama ganda la kitunguu. Ni alumini.

JIBU: Rangi haishiki alumini tupu inayong'aa. Osha na sabuni ya vyombo kutoa mafuta, kausha, piga msasa namba 240 au 320 mpaka mng'ao wote ufe, futa vumbi, puliza praima ya alumini siku hiyohiyo, halafu rangi, mikono miwili mitatu myepesi badala ya mmoja mzito. Na pale mikanda inaposugua usihangaike, zungushia utepe wa kitambaa tu. Iache siku nzima ikauke ndo uvae, mwenzio nilivaa baada ya masaa mawili nikashinda na mistari miwili ya rangi ya fedha mgongoni mwa shati jeupe, watu wananiuliza kama nimegongwa na geti.